Namna ya kumodeli krostoku kwenye chaneli za siriali za kasi bila kujidanganya

Nimeona simulesheni nyingi ambazo njia kuu imemodeliwa kwa uangalifu mkubwa, upotevu wa shaba upo, via (matundu ya shaba yanayounganisha tabaka za bodi) zipo, pakeji (ganda la chipu na waya zake) ipo, alafu krostoku inakuja kukumbukwa siku ya mwisho, mtu anachukua namba moja ya milivolti anaipunguza kwenye urefu wa jicho (uwazi unaobaki kati ya biti 1 na biti 0 ukizipanga biti zote moja juu ya nyingine) na kusema tayari. Kwenye 2.5 Gb/s hiyo ilikuwa inapita. Kwenye 32 Gb/s biti moja inakaa pikosekunde 31.25 tu na jicho linalobaki baada ya upotevu ni dogo mno, kwa hiyo uchafu unaotoka kwa jirani ndo unaamua kama linki itasimama au haisimami. Ninachotaka ushike toka mwanzo ni hiki: kila mchokozi ni chaneli kamili, ana transmita yake, data yake na saa yake (mapigo yanayoongoza muda wa biti), na uchafu wake unapita kwenye risiva ileile anayopita mwathirika. Ukilishika hilo hatua zote zinazofuata zinajieleza.

Kwanza tuelewane maneno. Krostoku ni signali ya laini moja kuvujia kwenye laini jirani kupitia uga wa umeme na uga wa sumaku. Laini inayovujisha ni mchokozi, inayochafuliwa ni mwathirika. Uchafu unaotokea upande uleule ilipo transmita ya mchokozi ni NEXT, unaosafiri pamoja na signali ya mchokozi mpaka upande wa mbali ni FEXT. Hizi mbili hazifanani tabia hata kidogo. Kwenye NEXT mvujo wa kapasitansi na mvujo wa indaktansi vinajumlishana, kwenye FEXT vinapingana, ndo maana kwenye stripulaini (laini iliyo ndani ya bodi) iliyozungukwa na dielektriki (kihami) ya aina moja FEXT inakaribia sifuri kinadharia, wakati maikrostripu, laini ya juu ya bodi ambayo sehemu ya uga wake iko hewani, ina FEXT inayokua kadiri laini zinavyokwenda sambamba na kadiri ukingo wa signali unavyokuwa mkali. NEXT yenyewe inafika kikomo haraka sana, ukiwa na ukingo wa pikosekunde 10 kwenye dielektriki ya 4, ambako signali inakwenda kama sentimita 15 kwa nanosekunde, basi milimita 0.75 za kwenda sambamba zinatosha kuifikisha kileleni, ukiongeza urefu zaidi kinachoongezeka ni muda wake tu na sio kimo. Hii ina maana hata sehemu fupi kabisa kama via na pini za konekta zinaweza kutoa NEXT nzima nzima, na kwenye chaneli za kasi huko ndiko uchafu mwingi unakotoka, chini ya pakeji na ndani ya konekta, kuliko kwenye laini zenyewe.

Hatua ya kwanza: chora ramani ya majirani

Usifungue programu kwanza. Chukua mpangilio wa pini wa konekta na wa chipu, weka kidole kwenye jozi ya mwathirika (waya mbili zinazobeba signali moja kwa ishara zinazopingana), hesabu nani wanaizunguka, juu, chini, pembeni na kwenye kona. Kwa kila jirani jiulize transmita yake iko wapi. Ikiwa iko upande wa risiva ya mwathirika, huyo ni mchokozi wa NEXT na ndiye wa kuogopa zaidi, kwa sababu anapiga kelele akiwa na nguvu zake zote mahali ambapo signali ya mwathirika imeshachoka na safari. Ikiwa transmita yake iko upande mmoja na ya mwathirika basi ni FEXT, na uchafu wake nao unapungua njiani pamoja na signali. Mara nyingi utabaki na wachokozi kati ya watatu na wanane. Usimwondoe jirani kwa kuwa anaonekana mbali kwenye bodi, angalia safari yote, kuna jozi zinaachana vizuri kabisa kwenye bodi alafu zinakuja kubanana chini ya pakeji.

Hatua ya pili: parameta S za jozi zote kwa pamoja

Parameta S zinasema signali ikiingia poti moja inatoka kiasi gani kwenye kila poti, kwa kila frikwensi. Jozi moja tofautishi ina poti 4. Mwathirika na wachokozi wanne ni jozi 5, poti 20, kwa hiyo faili lako la Touchstone (muundo wa kawaida wa kuhifadhi parameta S) litakuwa .s20p na kila frikwensi ina namba 400 ndani yake. Ndio, ni zito, lakini hakuna njia ya mkato hapa. Kosa ninalokutana nalo sana ni mtu kuwa na faili la .s4p la pakeji, la .s20p la konekta, na la .s4p la bodi, anayaunga jozi kwa jozi. Hapo umeshafuta krostoku ya pakeji na ya via zote, na bado hujaonywa na programu yoyote. Kila kipande ambacho jozi zinakaribiana lazima kiwe cha poti nyingi na kiungwe kikiwa na poti zake zote. Na usijaribu kujumlisha mikunjo ya desibeli ya vipande viwili, uchafu wa konekta ya kwanza na wa konekta ya pili unakutana ukiwa na fezi, frikwensi fulani zinajumlishana na nyingine zinafutana, ukitupa fezi umetupa ukweli wenyewe.

Kuhusu frikwensi, kwa 32 Gb/s ya NRZ (ngazi mbili za volti, biti moja kwa mara moja) frikwensi ya Nyquist (nusu ya kasi ya biti) ni 16 GHz, lakini faili likiishia hapo haitoshi kwa krostoku kwa sababu krostoku inapanda na frikwensi, mimi napenda lifike 40 GHz au zaidi. Hatua kati ya frikwensi na frikwensi nayo ina maana yake, ukiweka 10 MHz unapata dirisha la muda la nanosekunde 100, ukiweka 50 MHz dirisha linakuwa nanosekunde 20 tu, na kama konekta inaendelea kulia kwa muda mrefu ule mkia unazunguka na kutokea mwanzoni mwa mwitikio, yaani uchafu unafika kabla mchokozi hajatuma kitu. Ukiona hivyo usiendelee, rudi kafanye simulesheni ya uga upya kwa hatua ndogo zaidi.

Hatua ya tatu: kagua faili kabla ya kuliamini

Hapa ndipo ningependa utumie muda wako mwingi. Kuna wakati nilipokea faili la konekta ambalo poti zilihesabiwa upande wa kushoto wote kwanza ndo upande wa kulia, wakati mafaili yangu mengine yote yalihesabiwa jozi kwa jozi, kushoto na kulia zikifuatana. Nikaunga. Jicho likatoka zuri mno, nikafurahi, nikapoteza siku mbili nikiandika ripoti kabla sijagundua kwamba kitu nilichokiita krostoku kilikuwa poti mbili zisizohusiana kabisa na mwathirika.

Toka siku hiyo naanza na frikwensi ya chini kabisa kwenye faili. Njia ya kweli, ile ya kuingia na kutoka kwenye waya mmoja, inatakiwa ikaribie desibeli 0 huko chini. Krostoku inatakiwa ianguke kama desibeli 20 kila frikwensi inapopungua mara kumi, kwa sababu bila mabadiliko hakuna mvujo. Kama kitu ulichokiita krostoku kinakaa karibu na 0 huko chini, poti umezichanganya, wala usitafute sababu nyingine. Alafu kagua kwamba kwenda na kurudi vinafanana, yaani S kutoka poti 3 kwenda 8 ni sawa na kutoka 8 kwenda 3, kwamba hakuna frikwensi ambayo chaneli inatoa nguvu nyingi kuliko iliyoingia, na kwamba mwitikio wa msukumo hauanzi kabla ya muda wa safari. Vitu hivi vinachukua dakika chache ukiwa na Python na scikit-rf (maktaba yake ya parameta S), na vinaokoa wiki nzima.

Hatua ya nne: geuza kwenda jozi tofautishi

Kama poti 1 na 3 ni za mwanzo na 2 na 4 ni za mwisho, njia tofautishi ni SDD21 = ½ (S21 − S23 − S41 + S43). Kwa krostoku kanuni ni ileile, ila poti za mwanzo ni za mchokozi na za mwisho ni za mwathirika. Ukigeuza chanya na hasi za jozi moja ukubwa haubadiliki, ishara tu ndo inageuka, kwa hiyo usihangaike sana na hilo ila likiwa kwenye njia kuu. Ila ukioanisha waya wa jozi hii na waya wa jozi ile, kila kitu kinaharibika, na jaribio la frikwensi ya chini la hapo juu litakuonyesha.

Hatua ya tano: pima kwa haraka kwenye frikwensi

Kabla ya kwenda kwenye muda pata picha. Jumlisha wachokozi kwa nguvu na sio kwa desibeli. Mfano una wachokozi watatu walioko −50, −52 na −58 kwenye Nyquist: nguvu zao ni 10, 6.3 na 1.6 katika sehemu za milioni, jumla 17.9, ambayo ni kama desibeli −47.5. Ikiwa upotevu wa njia kuu hapo ni 28, nafasi kati ya signali na uchafu ni desibeli 19.5. Hiyo ni frikwensi moja tu, usiijengee nyumba, lakini inakwambia kama una tatizo dogo au kubwa. Kipimo kilichokamilika zaidi ni ICN (kelele ya krostoku iliyojumlishwa), ambacho kinachukua krostoku ya frikwensi zote na kuipima kwa uzito wa spektra ya transmita na wa kichujio cha risiva, kinakupa milivolti za sigma (mkengeuko sanifu).

Hatua ya sita: ipeleke kwenye muda na uipitishe kwenye risiva

Kwa kila mchokozi tengeneza mwitikio wa palsi: palsi ya biti moja kutoka transmita yake, pamoja na FFE yake (ikwalaiza, yaani kirekebishaji cha signali, ya transmita) na pakeji yake, kupitia njia ya krostoku, mpaka kwenye risiva ya mwathirika, alafu kupitia CTLE (ikwalaiza ya analogi ya risiva) ya mwathirika. Hii ya mwisho watu wanaisahau. CTLE inainua frikwensi za juu ili kurudisha kilichopotea njiani, na krostoku imejaa frikwensi za juu, hivyo CTLE inaikuza kuliko inavyoikuza signali yenyewe. DFE (ikwalaiza ya risiva inayoondoa mabaki ya biti zilizotangulia) nayo haikuzi krostoku lakini pia haiiondoi, kwa sababu inafanya kazi na maamuzi yaliyopita ya mwathirika na haijui mchokozi alituma nini. Matokeo yake, CTLE kali ambayo inafungua jicho vizuri wachokozi wakiwa wamezimwa mara nyingi siyo bora wakiwashwa, unakuta CTLE ya upole kidogo ikisaidiwa na DFE inashinda. Kwa hiyo tafuta mpangilio wa ikwalaiza ukiwa na krostoku ndani toka mwanzo. Ukitafuta bila krostoku alafu ukaiongeza baadaye, umepima risiva ambayo haitakuwepo.

Amplitudo ziweke kwa upande mbaya: mwathirika volti yake ya chini kabisa inayoruhusiwa, mchokozi wa NEXT volti ya juu kabisa na ukingo mkali kabisa. Hawa ni chipu tofauti, na siku moja chipu dhaifu itakaa jirani na chipu yenye nguvu.

Hatua ya saba: fezi na data, mahali pa makosa ya kimyakimya

Mchokozi hajui mwathirika anasampuli lini. Kama wana saa moja, fezi kati yao imeganda lakini huijui, basi jaribu fezi nyingi ndani ya biti moja, tuseme 32, na uchukue mbaya kuliko zote. Kama saa ni mbili tofauti, fezi inateleza muda wote: saa zikitofautiana sehemu 100 kwa milioni, biti nzima inateleza kila baada ya biti 10,000, ambazo kwa 32 Gb/s ni nanosekunde 312.5. Yaani ndani ya mikrosekunde moja mwathirika ameshaonja fezi zote, hapo kuchukua wastani wa mgawanyo wa fezi zote ni halali.

Data sasa. Ukiendesha biti kwa biti na ukawapa mchokozi na mwathirika PRBS moja (mfuatano wa biti unaofanana na wa kubahatisha) yenye mwanzo uleule, krostoku inakuwa inafuata biti za mwathirika mwenyewe, inageuka kuwa kama mwangwi wake, na DFE ikijirekebisha inaifuta! Jicho linapendeza kwa uongo mtupu. Mpe kila mchokozi polinomia tofauti, au mwanzo ulio mbali sana kwenye mfuatano mrefu kama PRBS31. PRBS7 yenye biti 127 usiiguse kwa kazi hii, inajirudia haraka mno na fezi na data vinafungana.

Hatua ya nane: hesabu uwezekano, usiikimbilie Gauss

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wanapotofautiana. Chukua mchokozi mmoja, palsi yake ikisampuliwa kila biti inatoa milivolti 1.8, −1.1, 0.7, −0.4 na 0.2, tukihesabu biti kama +1 na −1. Ubaya wa juu kabisa ni kujumlisha ukubwa wote: 4.2 mV, haiwezi kuzidi hapo hata ukisubiri miaka. Sigma ni mzizi wa jumla ya miraba, mzizi wa 5.14, yaani 2.27 mV. Sasa mtu akisema kelele hii ni ya Gauss (mgawanyo wa umbo la kengele) na akataka kosa moja kwa biti 10¹², anazidisha sigma kwa 7 anapata karibu 15.9 mV. Karibu mara nne ya kile kinachowezekana kimaumbile! Unaweza kuua muundo mzuri kwa hesabu hiyo. Lakini wakiwa wachokozi 16 wanaofanana, ubaya wa juu ni 67.2 mV, sigma inakuwa mara 4 tu, 9.07 mV, na mara 7 yake ni 63.5, sasa zinakaribiana. Wakizidi hapo ule ubaya wa juu ndo unakuwa wa kutisha bure, kwa sababu wote kugongana kwa pamoja ni nadra kupita kiasi.

Njia ya haki ni konvolusheni, yaani kuunganisha migawanyo ya uwezekano kuwa mmoja. Kila sampuli ya palsi ni mgawanyo wenye vijiti viwili, nusu kwenye +h na nusu kwenye −h. Konvoluti vijiti vyote vya mchokozi, alafu wachokozi wote, alafu mwangwi uliobaki wa mwathirika mwenyewe, alafu kelele ya kweli ya Gauss ya risiva na jita (kuyumba kwa muda wa signali), ndo usome uwezekano wako. Kompyuta ya kawaida inamaliza kwa sekunde chache. Kiwango cha IEEE 802.3bj cha 2014 kilileta COM (kipimo cha nafasi ya usalama ya chaneli), ambacho kinafuata mawazo haya, kwa kila mchokozi kinachagua fezi yenye varianzi (mraba wa sigma) kubwa kuliko zote na kinadai desibeli 3 za ziada. Hata kama linki yako sio ya Ithaneti, kukisoma kile kiambatisho kutakufundisha mengi.

Kwa PAM4 (ngazi nne za volti, biti mbili kwa mara moja) badilisha vijiti viwe vinne, −1, −⅓, +⅓ na +1, hivyo varianzi inazidishwa kwa 5/9. Usidhani umepata nafuu, jicho lenyewe limekuwa theluthi moja, umepoteza desibeli 9.5, wakati kilele cha krostoku kiko palepale. Chaneli iliyokuwa inavumilia uchafu fulani kwa NRZ itaulalamikia kwa PAM4 ya bodi ileile.

Hatua ya tisa: biti kwa biti na AMI

Njia ya kitakwimu inadai kila kitu kiwe cha mstari na kisichobadilika na muda. Risiva yako ikiwa na kikomo cha volti, au AGC (kirekebisha kimo cha signali), au CDR (saketi inayotafuta saa ndani ya data) inayohangaika, endesha biti kwa biti na modeli za IBIS-AMI (modeli za programu za transmita na risiva). Ndani ya AMI_Init (fanksheni ya kuanzisha modeli) matriki ya misukumo ina safu ya kwanza ya njia kuu na safu zinazofuata ni za wachokozi, hakikisha programu yako inazijaza kweli na kwamba modeli ya risiva inazichuja zote, kuna modeli zinachuja safu ya kwanza tu na kuziacha nyingine zilivyo. Jaribio lake ni jepesi, badilisha CTLE uone kama krostoku inabadilika. Kumbuka pia biti milioni moja hazikuonyeshi 10⁻¹², zinakuonyesha tabia tu, mkia unatoka kwenye takwimu. Mimi naendesha zote mbili, na zikitofautiana sana kwenye sehemu ya katikati ya mgawanyo natafuta kwanza kilichokosewa kabla ya kuamini yoyote.

Hatua ya kumi: zima mmojammoja

Ukishapata jicho lenye wachokozi wote, zima wote uone tofauti, alafu washa mmoja mmoja uwapange. Karibu kila mara wawili au watatu wanabeba mzigo mwingi. Nenda kwenye jiometri yao: kuna via mbili za signali zinatazamana bila via ya ardhi katikati, kuna kisiki cha via (kipande cha via kisichotumika) hakijachimbwa kutoka nyuma, kuna jozi ya kutuma imewekwa pini jirani na jozi ya kupokea kwenye konekta. Kusogeza pini hatua moja au kuongeza via mbili za ardhi mara nyingi kunaleta faida kuliko ikwalaiza yoyote, na huku hakukuli umeme.

Bodi ikishatoka, pima njia za krostoku hizohizo kwa VNA (kifaa cha kupima parameta S), poti usizotumia zikiwa zimefungwa na omu 50 kila moja, maana poti iliyoachwa wazi inarudisha signali na inakuja kuonekana kama krostoku. Weka kipimo juu ya simulesheni kwenye muda na sio kwenye desibeli peke yake, kwa sababu kwenye muda unaona uchafu umetokea sehemu gani ya safari, kama ni nanosekunde ya konekta au ya pakeji, na hapo unajua ni kipande gani cha modeli cha kwenda kurekebisha.